Mkate wa Mwalimu Kashindi

Ipo siku moja ya ualimu wangu ninayoikumbuka kuliko zote, Neema mwanangu, na Jumapili iliyopita ulinirudisha kwenye siku hiyo bila kujua. Ulikuja kunisalimia hapa Kilibula, nikakupakulia bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa ndagala, ukala haraka haraka, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye simu. Nikakuuliza kule shuleni kwenu Kalundu huwa mnakula saa ngapi. Ukacheka. Ukaniambia, "Mama Mukubwa, kwetu poze haiko. Direktrisi anasema mwalimu mwenye iko na moyo hapumuzike muchana." Na ulilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja cheo alichopewa. Mimi nikanyamaza, kwa sababu mtu anayekula sipendi kumsumbua. Lakini tangu Jumapili sijatulia, na leo utanisikiliza.

Nilikuwa msichana bado, nimetoka tu kupata diploma yangu, nimepewa darasa la tano katika shule moja hapa hapa Kilibula. Nilijiona mtu kweli kweli. Darasa langu na darasa la sita yalitenganishwa na ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeachana, kwa hiyo nilichofundisha mimi watoto wa sita walikisikia, na alichofundisha jirani yangu, watoto wangu walikisikia. Nilikuwa na mvulana mmoja ambaye maswali yangu yalimshinda, ila ya darasa la sita aliyajibu kwa sauti kubwa kupitia kwenye nyufa.

Jirani yangu huyo ndiye Mwalimu Kashindi. Alikuwa mtu wa makamo, shemasi katika kanisa lake la Kiprotestanti, shati lake limepigwa pasi hata wakati wa mvua. Pombe hakuigusa, wala hakuwa mtu wa makelele. Mwanzoni nilimwogopa kidogo, halafu nikampenda kama kaka mkubwa, maana ndiye aliyenionyesha namna ya kutuliza darasa bila fimbo. Unasimama, unashusha sauti, unasubiri. Nakushauri uijaribu siku moja, maana najua unavyopiga kelele wewe.

Walimu hatukutosha, basi wengi wetu tulifundisha kundi la asubuhi, kisha kundi la mchana. Katikati palikuwa na poze. Ilikuwa imeandikwa kwenye orari, ile ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini, na kila aliyeingia aliiona. Ni saa ya mfanyakazi kula, kukaa, kunyoosha mgongo kabla ya kuanza tena. Sheria ya kazi ndiyo iliyompa saa hiyo, mkubwa wake hamfanyii huruma akimwachia. Na haikuwa ya walimu peke yao. Sentinele wetu aliyelinda lango, na mama aliyefagia madarasa, nao waliandikiwa mapumziko yao.

Sasa, kuandikwa ni jambo moja, na kula ni jingine. Pale kwetu mwalimu hakuonekana akila. Hakuna aliyetukataza, tulijikataza wenyewe. Kwanza tulilelewa hivyo. Nyumbani kwetu juu milimani, upande wa Mulenge, bibi yangu alikuwa akiingia ndani na sahani yake mtu akitokea njiani, kwa sababu mtu mzima mwenye heshima hakutafuna huku watu wakimwangalia mdomo. Pili, na hili ndilo lililotuuma zaidi, watoto wengi walikuja shuleni bila kutia kitu tumboni. Utakula vipi mbele ya macho yale? Ukila, lazima ugawe. Na ndazi moja utawagawiaje watoto wote wale? Basi tukaona ni afadhali wote tukae na njaa, mwalimu na mwanafunzi, mambo yaishe.

Ila njaa haikuisha, si unajua. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na wizi wake wa siri ndani ya sakoshi, yaani mkoba wake. Mimi ni mtu wa kupenda kula, hilo si geni kwako. Nilikuwa nikitia kipande cha muhogo wa kuchemsha shavuni, ninageukia ubao, ninaandika hesabu polepole sana mpaka kimekwisha. Watoto walidhani mwalimu wao ana mwandiko wa uangalifu. Siku moja waliniuliza swali katikati, nikajibu kwa kichwa tu, mara ndiyo mara hapana, na mpaka leo sijui nilijibu nini.

Direkta wetu, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya, usije ukamchukia kabla sijamaliza. Mwaka uliotangulia watoto wa sita walikuwa wameanguka vibaya kwenye mtihani wa taifa, na wazazi wakaanza kusema watawahamisha watoto wao. Akawa hapati usingizi. Akipita madarasani mchana anatukuta tumekaa tu, mikono mitupu, wengine wamelaza vichwa juu ya meza. Akatuita akasema, kwa kuwa saa hii hamuitumii kwa kula, tuitumie kwa marudio ya darasa la sita. Na sentinele naye, badala ya kukaa kivulini, aende kuchota maji.

Hakuna aliyekataa. Angekataa kwa kusema nini? Kwamba yeye anataka kula? Nani angelitamka neno hilo mbele ya wenzake? Tukaitikia, tukatoka, na mwenye kubeba mzigo wenyewe alikuwa Kashindi. Alifundisha asubuhi, akafundisha marudio mchana bila watoto wale kwenda nyumbani, akapokea kundi jingine palepale. Wazazi wakamsifu sana. Mimi pia nilimsifu, nikatamani siku moja nisifiwe hivyo.

Siku ninayokuambia ilikuwa na joto la kuchosha, mawingu yamekaa juu ya ziwa na mvua haitaki kushuka. Kundi langu la asubuhi lilikuwa limeondoka. Nilikaa peke yangu nikisahihisha madaftari, nikimsikia Kashindi kupitia mbao akifundisha sehemu, nusu na robo. Nikasikia sauti yake ikibadilika. Alianza kuyavuta maneno. Akamwita mvulana mmoja kwa jina la msichana, watoto wakacheka, naye akacheka nao, kicheko kirefu ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Halafu ghafla akakasirika, nikasikia kifutio kimegonga ukuta upande wangu. Nilishtuka mpaka kalamu ikanidondoka.

Nilipotoka, watoto wa sita walikuwa wanakimbilia uwanjani, na mmoja wao anapiga kelele, "Mwalimu amelewa! Mwalimu amelewa!"

Kwa bahati mbaya, Direkta alikuwa nje na wazazi wawili wa komite, akiwaonyesha paa lililokuwa linavuja. Mmoja alikuwa mama ambaye jina lake limenitoka. Wa pili alikuwa Baba Furaha, mtu mrefu mwenye sauti nzito, aliyesali kanisa moja na Kashindi. Wote watatu wakaingia darasani, nami nyuma yao. Kashindi alikuwa ameegemea ubao, shati limelowa jasho, macho yako mbali. Alijaribu kutusalimia, ulimi ukawa mzito.

"Mwalimu, weye umelewa?" Direkta akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mbele ya batoto?"

Kashindi akacheka tena. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Shemasi!" akasema Baba Furaha. "Kumbe njo hivi uko? Unatufundisha neno la Mungu, kumbe mu tumbo iko kanyanga tu?" Kanyanga ni ile pombe kali inayopikwa vichochoroni, huijui wewe na usiijue. Akamgeukia Direkta. "Huyu muntu asikanyage tena hapa. Leo leo aende."

Wakamshika mikono wakampeleka ofisini. Mwanangu, elewa alichokuwa karibu kukipoteza. Kazi ingekwenda, na kanisani wangemvua ushemasi mbele ya watu wote. Alikuwa na mke na watoto ambao wangepita njiani wakinyooshewa vidole, kwa sababu mji huu unaujua, habari ya Kilibula hufika Kalundu kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Watoto wa sita walikuwa tayari wamekaa uwanjani wakisubiri kuachiliwa, na kila mmoja alikuwa na hadithi mdomoni. Nilisimama mlangoni pa ofisi. Ndani ya moyo nilisema hawezi, Kashindi hawezi, lakini macho yangu yaliona kama yao.

Hapo ndipo alipofika Mama Nabintu. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mkubwa kuliko sisi sote, mwanamke mfupi mwenye kutembea bila haraka hata mvua ikianza. Direkta mwenyewe alifundishwa kusoma naye, na jambo hilo halikusahauliwa na yeyote kati yao. Walimu wengine walikuwa wamejazana nyuma yangu. Akatupita, akaingia, akamwangalia Kashindi aliyelegea kwenye kiti. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akainama karibu na mdomo wake kama mama anayemnusa mtoto mchanga.

"Pombe haiko hapa," akasema. "Na huyu muntu iko baridi kama maji." Akamshika kidevu. "Kashindi, baba. Leo umekula?"

Kashindi akatikisa kichwa, polepole, kama mtoto.

"Batu benye kuwa na kintu ya sukari balete," akasema Mama Nabintu. "Chai, ndizi, kintu yote. Haraka."

Tuliangaliana. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu, na kila mmoja alijua mwenzake anacho, na tangu shule ile ijengwe hakuna aliyewahi kukitoa hadharani. Mbele yetu wamesimama wazazi. Nyuma yetu, dirishani, wanafunzi wamerundikana. Mimi nilikuwa na chupa ya chai nimeifunga ndani ya kitenge chini kabisa ya sakoshi, chai yenye sukari ya kushibisha kijiji, kwa sababu ndivyo ninavyoinywa mpaka leo daktari akinigombeza. Niliona aibu kweli, sikufichi. Kisha nikamwangalia Kashindi, aibu ikanitoka, nikakimbia darasani nikaileta.

Nilipoiweka mezani, wengine nao wakaanza. Mmoja akatoa ndizi mbivu kutoka mfuko wa koti. Mwingine ndazi mbili zilizofungwa kwa karatasi ya daftari. Karanga zikatokea, na muhogo, na viazi vitamu vya kuchoma, na mwalimu wa darasa la nne, mtu mwenye maringo yake, akatoa kikopo chenye bukari na samaki mzima. Ofisi ikawa soko. Direkta akatazama meza yake, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe munakulaka?"

Mama Nabintu alikuwa amemshikia Kashindi kikombe, anamnywesha kidogo kidogo, na alipohakikisha anameza vizuri akamtilia tena. Tukasubiri. Baba Furaha alikuwa amekunja mikono kifuani. Sijui ilichukua muda gani, mimi nilikuwa naomba tu, namwomba Mungu na nabana kidole changu kwenye mlango bila kujua.

Kwanza mikono iliacha kutetemeka. Halafu jasho likapungua, macho yakarudi, yakatulia juu ya uso wa Mama Nabintu, yakahamia kwa Direkta, yakatuona sisi mlangoni. Akajirekebisha kola ya shati. Akauliza kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Kwa nini munaniangalia hivi?"

Nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Nadhani sijawahi kufurahia swali la mtu kama nilivyofurahia swali lile. Mama Nabintu akakaa chini mara moja, kwa kishindo, akajipepea kwa mkono, na ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ameogopa.

Alipopata nguvu, Kashindi akasema mwenyewe. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijichoma sindano yake asubuhi kama alivyoelekezwa hospitalini, na mwenye kuchoma sindano ile lazima ale kwa wakati, la sivyo sukari inashuka mwilini na mtu anakuwa kama mlevi, au anaanguka, au haamki tena.

"Sasa kwa nini haukula?" Direkta akamuuliza.

"Mukate iko mu sakoshi," akasema Kashindi. "Zamani nilikuwa naukula mu poze, nyuma ya darasa. Sasa mu poze batoto beko. Nitakula namna gani, batoto beko naniangalia na njaa yao? Nikasema, niwamalizie kwanza marudio."

"Na ugonjwa, haukuniambia."

"Nilisikia haya, Direkta."

Direkta akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa anatafuta maneno, lakini Mama Nabintu alikuwa nayo tayari. Hakupiga kelele. Alizungumza kama alivyozungumza na watoto wa darasa la kwanza, neno moja moja, na mimi maneno yale nimetembea nayo maisha yangu yote.

"Mwanangu," akamwambia Direkta, kwa maana kwake alikuwa mtoto bado, "ile saa ya muchana haiko yako. Minye najua uko nataka batoto bashinde mutihani, na siye wote tunataka. Lakini ile saa sheria ilimupa mwalimu, na sentinele, na mama wa kufagia. Weye uliikuta haina muntu, ukaingia."

Direkta akainamisha kichwa. Sisi mlangoni tukaanza kujisikia vizuri, unajua mtu anavyojisikia mkubwa wake akigombezwa. Ndipo mama yule akatugeukia.

"Na nyinye, musicheke. Nani aliiacha bila muntu? Kila siku munajificha na muhogo kama bezi. Mulisema 'hatuna njaa' kwa sababu ya haya, na Direkta aliamini. Weye," akaninyooshea kidole, mimi peke yangu kati ya wote, "weye iko kijana, uko na nguvu, unaweza kushinda muchana muzima bila kula. Ni vizuri. Lakini ukisema 'minye sihitaji poze', Kashindi mwenye anaihitaji ataisema na mudomo gani?"

Nililisikia neno hilo likiingia na kukaa mahali pake, na liliniuma, lakini lilinipa pia nafuu ya ajabu, kama mtu aliyeambiwa hatimaye kitu alichokuwa anakijua.

Baba Furaha alikuwa bado amesimama. Alimsogelea Kashindi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Shemasi, unisamehe. Mudomo yangu ilikimbia." Kashindi akamwambia yamekwisha. Lakini Baba Furaha akasema hayajaisha, batoto beko kule inje na habari, na akatoka uwanjani kwa hatua zake ndefu. Sisi tukamfuata. Watoto wa sita walikuwa wamekaa kimya, na hata wa kundi la mchana walikuwa wamewasili na kuambiwa.

Akasimama mbele yao, akapaza ile sauti yake nzito. "Munisikilize bote. Mwalimu Kashindi hakulewa. Minye njo niliyesema amelewa, na nilikosea. Mwalimu iko na ugonjwa, na alikuwa na njaa. Alikuwa anabafundisha na njaa. Muende museme hivyo kwenu."

Kisha msichana mmoja wa darasa la sita, mdogo wa mwili, akainua mkono kama yuko darasani.

"Kumbe balimu nabo banasikiaka njaa?" akauliza.

Hakuwa anatania. Alitaka kujua. Tuliwafundisha watoto wale kila kitu tulichokijua, na hilo hatukuwahi kuwafundisha. Mama Nabintu akamwambia, ndiyo mwanangu, kama weye.

Wale watoto walikwenda nyumbani na habari yetu, na ilifika mjini jinsi ilivyokuwa. Jumapili iliyofuata Kashindi alisimama kanisani mahali pake, na Baba Furaha akakaa mbele kabisa ili kila mtu amwone amekaa. Hakuna aliyenong'ona. Mke wa Kashindi alikuja shuleni Jumatatu kutushukuru, akatuletea mboga za lenga-lenga, akamkumbatia Mama Nabintu.

Direkta aliirudisha poze siku ileile. Marudio akayahamishia Jumamosi asubuhi, tukawa tunapokezana, na watoto wa sita wenyewe wakapata kwenda nyumbani mchana, maana nao, fikiria, tulikuwa tumewanyima kula kwa sababu ya mtihani. Sentinele akarudi kivulini kwake. Walikwenda kufanya mtihani wameshiba kuliko wenzao waliotangulia, na wakafaulu vizuri, wazazi wakasahau habari za kuhama.

Ila kazi ngumu ilibaki kwetu, nayo ilikuwa kula. Utacheka. Siku ya kwanza Mama Nabintu alitukusanya wote katika darasa langu, akatandika kitenge juu ya meza, akasema kila mtu atoe chake. Nikainuka kwenda kufunga mlango. Akaniambia, "Acha. Uko wazi." Tukakaa kama maharusi, hakuna anayetaka kuanza. Direkta ndiye aliyeanza. Alimega bukari, akachovya, akala, masikio yamemwiva kwa haya.

Watoto wa mchana wakachungulia. Na unajua walifanya nini? Walipiga vigelegele! "Balimu beko nakula! Muje muone, balimu beko nakula!" Wakaja wengine, wakatazama kidogo, wakaona ni kula kama kula kwingine, wakachoka, wakarudi kwenye mpira wao. Basi. Aibu yetu ya miaka yote ikawa imeishia pale. Mwalimu wa darasa la nne alicheka mpaka akapaliwa na samaki, tukampiga mgongoni. Na wale watoto tuliowajua kwamba kwao hakuna kitu tuliwaita mmoja mmoja wakati mwingine, wakaja wakala nasi bila makelele, jambo ambalo tulipokuwa tunajificha hatukuweza kulifanya hata kidogo.

Kashindi alifundisha mpaka akastaafu. Yupo, anaishi huku juu karibu na njia ya mlimani, ameota mvi na ameanza kuwa mbishi. Nenda umsalimie, lakini usiende saa sita, maana saa sita anakula na hatakufungulia.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimezunguka sana na wewe una kazi kesho. Mapumziko yako ya mchana si zawadi ya Direktrisi wako, na yeye si adui yako, labda hajaambiwa tu. Muulizeni kwa adabu, mkiwa pamoja, siyo wewe peke yako ukiwa umekasirika. Mwambieni poze imeandikwa na mnaomba iheshimiwe, yako na ya sentinele wenu na ya anayefagia. Kama kuna mama anayenyonyesha kati yenu, sheria inampa nafasi ya kumnyonyesha mwanawe, msimwache aidai peke yake. Mkiipata saa hiyo, itumieni. Kaa chini. Kula. Weka simu pembeni, nakujua. Mlango uwe wazi. Mwili wako ukiumwa, mdomo wako umwambie mtu kabla mwili haujasema wenyewe mbele ya watu.

Na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu Jumapili. Wewe ni kijana, Neema, una nguvu, unaweza kweli kushinda mchana wote bila kitu, nami najivunia nguvu hizo. Lakini katika chumba chenu cha walimu kuna mtu mmoja asiyeweza, na hatasema. Simjui ni nani, na wewe humjui. Kaa ule kwa ajili yake.

Mungu akulinde katika kazi yako, awape watoto wako wa darasani akili na utulivu, akupe sauti isiyokauka na miguu isiyochoka. Akupe chakula kila siku ya maisha yako, mwanangu, na wakati wa kukila, na watu wa kula nao. Amina.